Minembwe: sekisio unaikuta, hauichagui

Mwezi wa 9 uko karibu. Kwa miji yetu, Bukavu, Uvira, Goma, Kinshasa, mtoto aliyemaliza mwaka wa 8 anaulizwa nyumbani: «Utafanya sekisio gani?» Baba na mama wanabishana, shangazi anatoa maoni, jirani anasema mtoto wake alifanya komersiale na leo yuko anafanya kazi benki. Kwa Minembwe swali hilo limejibiwa kabla ya kuulizwa. Mtoto anafanya sekisio ile iko karibu na kwao, kama shule yenyewe ingali imesimama.

Sisi vijana tukizungumza Minembwe, tunazungumza bunduki, drone, mambo ya komine, nani anashika kilima gani. Ni haki kuyazungumza. Lakini kuna jambo lingine lisilotoa mlio, linalorudi kila mwaka: watoto wa miaka 14 na 15 wanapangiwa maisha yao yote na umbali ambao miguu yao inaweza kutembea. Maoni yangu ni haya: mtoto wa milimani ana haki ya kuchagua njia ya masomo sawa na mtoto wa Kinshasa. Na pale vita imemnyima miaka, apewe mwaka mmoja wa kujitayarisha, wa hiari na wa bure, kabla ya kuingia umanite.

Karatasi inasema nini

Sheria ya elimu ya taifa ya tarehe 11 mwezi wa 2 mwaka 2014 iliweka elimu ya msingi ya miaka 8: miaka 6 ya primeri na 2 ya sekondari, ile tunaita mwaka wa 7 na wa 8. Baada ya hapo ni umanite, miaka 4. Kati ya mwaka wa 8 na umanite kuna mtihani unaoitwa ENASOSP. Soma vizuri jina lake: ni mtihani wa taifa wa kuchagua na kuelekeza wanafunzi kwa masomo na kwa kazi. Kuelekeza. Maana yake Serikali yenyewe inakubali kwamba mtoto wa umri ule hajui njia zote, na kwamba ni kazi ya mkubwa kumuonyesha.

Na njia ni nyingi. Kuna sayansi, kuna pedagojia, kuna Kilatini na falsafa, kuna komersiale, kuna sosiale, kuna kushona. Kuna umeme, mekanike, ujenzi. Kuna kilimo, kuna veterinere. Mwisho wa miaka 4 kuna Exetat, mtihani uliopo tangu 1967. Ni siku nne: ya kwanza utamaduni wa jumla, ya pili sayansi, ya tatu lugha, ya nne masomo ya opsio yako. Kwa hiyo kile ulichoingia nacho ukiwa na miaka 15, ndicho utakachoulizwa siku ya nne ukiwa na miaka 19, na ndicho kitaandikwa kwenye diploma yako.

Milima inasema nini

Sasa panda Minembwe, zaidi ya mita 2.000 juu. Uliza wanafunzi wa mwaka wa 8 wanaelekezwa wapi. Jibu ni la kawaida: «Hapa tuko na pedagojia. Kama hautaki, enda Uvira.»

Kwa nini pedagojia iko kila mahali? Kwa sababu haihitaji vifaa vingi. Ubao, chaki, mwalimu, shule ya primeri jirani ya kufanyia mazoezi. Sayansi inataka maabara. Umeme unataka mashine, na Minembwe haijaunganishwa na waya wa SNEL. Shule nyingi za kule zilijengwa na wazazi pamoja na makanisa, chini ya mkataba ambao Serikali ilitia saini na makanisa mwaka 1977. Wazazi walipandisha bati kwa mgongo. Hakuna mtu wa kuwalaumu kama walifungua ile sekisio waliyoweza kuibeba. Wa kuulizwa ni yule aliyewaachia mzigo wote.

Sina neno baya juu ya pedagojia. Bila walimu hakuna daktari wala injinia. Mimi mwenyewe nilifanya pedagojia kwa sababu ndiyo iliyokuwepo, na nilifundishwa na watu walioshika chaki hata miezi ambayo mshahara haukufika. Lakini hesabu ni hesabu. Ukifanya bonde zima kuwa walimu, na Serikali haiandikishi walimu wapya inavyotakiwa, unakuwa umetengeneza mstari mrefu wa watu wenye diploma wanaosubiri mlango usiofunguka. Nilipomaliza, nilifundisha mwaka mmoja kwenye shule fulani bila kuwa kwenye orodha ya malipo ya Serikali, ile wanaita kutomekanizwa. Wazazi walinilipa kwa mahindi na maharagwe, yule aliyeweza. Aliyeshindwa alinisalimia kwa aibu, na mimi nikaona aibu zaidi yake.

Baadaye nilienda chuo kikuu, kwenye mambo ya uchumi. Wenzangu waliotoka sayansi walikuwa wanarudia hesabu. Mimi nilikuwa ninaziona mara ya kwanza. Usiku nilikuwa ninasoma masomo ya umanite ya watu wengine, mchana ninasoma ya chuo. Vyuo vingine vina mwaka wa preparatwari kwa mtu kama mimi, lakini mwaka ule unalipwa, na unakuja ukiwa mtu mzima, mbali na nyumbani, ukiishi kwa watu. Leo nina lisansi na sina kazi. Sisemi ni sababu ya sekisio tu. Kuna wa sayansi wengi nimekaa nao kwenye benchi hii hii. Ninasema kwamba hakuna siku hata moja mtu mkubwa alikaa na mimi akaniuliza ninataka kufanya nini.

Nchi ya ng'ombe bila veterinere

Kitu kinachoumiza zaidi ni hiki. Minembwe ni nchi ya ng'ombe. Watu wa kule wanajua ng'ombe kabla ya kujua kuandika. Wanatengeneza fromaji inayojulikana mpaka mijini. Udongo unatoa viazi, mahindi, maharagwe. Mtoto wa miaka 10 anaweza kukuambia ng'ombe gani ana homa kwa kumtazama masikio. Halafu mtoto huyo huyo, akifika umri wa kuchagua masomo, ni bahati kupata mahali pa kujifunza veterinere au kilimo karibu naye. Kile anachojua kinabaki nyumbani, kile asichokijua ndicho kinaitwa shule.

Tushuke Baraka na Fizi. Hapo kuna ziwa Tanganyika, kuna ndagala na mikebuka, kuna mashua, kuna moto na magari yanayokufa kila siku kwenye barabara ya taifa nambari 5. Je, ni watoto wangapi wanaweza kusoma mekanike, au kuhifadhi samaki, karibu na kwao? Kijana anaenda Misisi kuchimba dhahabu kwa mikono, kwa sababu shimo halimuulizi opsio. Na wale waliorudi kutoka kambi ya Nyarugusu, Tanzania, walifika na bulletini zao wakakuta madarasa yamejaa na orodha ya sekisio ni fupi.

Hii si hadithi ya kabila moja. Mnyamulenge, Mbembe, Mfuliiru, Mnyindu, wote wanakutana kwenye mlango uleule mwembamba. Vijiji vimechomwa vya huyu na vya yule tangu vita ilipochacha mwaka 2017. Ukiniuliza mimi ni wa upande gani, jibu langu ni upande wa mtoto mwenye kalamu.

Msichana na mvulana

Kuna pia uchaguzi ambao wazazi wanaufanya kwa woga. Msichana mwenye pointi nzuri za hesabu anaambiwa afanye sosiale au kushona, kwa sababu ziko karibu, au kwa sababu «sayansi ni ya wavulana». Kumtuma Uvira maana yake ni kumuweka kwa ndugu wa mbali, na kila mama anajua yanayoweza kumpata mtoto wa kike kwenye nyumba ya watu. Tena njia yenyewe: kutoka Minembwe kushuka kwa miguu ni siku nzima-nzima, na kila kizuizi kina mtu wake mwenye bunduki na bei yake. Ndege ndogo ni kwa mwenye dola, siku inaporuka.

Kwa mvulana hatari ni ya namna nyingine. Akikosa anachopenda, anakaa. Akikaa, anaitwa. Vikundi vya silaha vya kila upande havidai diploma, wala havina minervali. Ndiyo maana ninasema suala la sekisio ni suala la usalama pia. Mtoto aliye darasani akijifunza kitu anachokipenda, ni vigumu kumtoa. Mtoto aliyelazimishwa na tena haoni mwisho wake, anatoka mwenyewe.

Mwaka wa hiari: mfano wa wengine

Wengine wamefanyaje? Kenya imebadilisha mfumo wake, na mwezi wa kwanza mwaka 2026 kundi la kwanza liliingia darasa la 10 kwa njia tatu: sayansi na teknolojia, sayansi za jamii, sanaa na michezo. Hapo pia kuna malalamiko, hasa kwamba si kila shule ina njia zote tatu. Kumbe ugonjwa wetu una ndugu. Tanzania, mwanafunzi aliyemaliza kidato cha 4 anapewa muda wa kubadilisha tahasusi zake kwenye intaneti kabla ya kupangiwa shule. Ni kitu kidogo, lakini kinamwambia mtoto: tunakusikia.

Mbali zaidi, Ireland ilianzisha mwaka 1974 mwaka mmoja wa katikati, kati ya sekondari ya chini na ya juu. Tangu miaka ya 1990 umeenea kwenye shule nyingi. Kwa kawaida ni wa hiari. Mtoto anaonja masomo mbalimbali, anaenda kufanya kazi wiki kadhaa kwenye duka, shamba au hospitali, halafu ndipo anachagua. Kule wanafanya hivyo kwa watoto ambao hawakupoteza hata wiki moja kwa ajili ya vita.

Sisi tuko na watoto waliopoteza mwaka, miaka miwili, mitatu. Walikimbia, wakarudi, wakakimbia tena. Anafika mwaka wa 8 na matobo: hajawahi kuona algebra vizuri, Kifaransa chake ni cha kukariri. Unamwambia: chagua. Achague nini? Na wazo hili si geni kwa Kongo. Kwa primeri Serikali tayari inakubali vituo vya kukamata masomo, ambapo mtoto aliyechelewa anafanya miaka 6 kwa miaka 3. Kama tumekubali kufupisha njia kwa mdogo aliyechelewa, tunaweza kukubali kumpa mkubwa wake mwaka mmoja wa kuziba matobo kwenye mlango wa umanite.

Mwaka huo uwe na nini? Asubuhi: hesabu, Kifaransa, sayansi, kwa wale wenye matobo. Mchana: kuonja. Wiki kadhaa kwa fundi wa moto, wiki kadhaa kwenye kituo cha afya, wiki kadhaa na mtu wa veterinere, wiki kadhaa darasani primeri kumsaidia mwalimu. Mwishoni mtoto na mzazi wanakaa na mwalimu, wanatazama pamoja alichoweza na alichopenda. Asiyeuhitaji anapita moja kwa moja.

«Tuko kwa vita, wewe unazungumza sekisio?»

Ninajua maneno yatakayokuja, kwa hiyo tuyajibu.

La kwanza: kuna vita, ngoja iishe. Mimi nina miaka ishirini na kitu na sijaona siku ambayo imeisha. Kama elimu itasubiri amani, amani itamsubiri nani?

La pili ni zito zaidi: mwaka wa ziada ni mwaka wa gharama na wa hatari. Ni kweli. Msichana wa miaka 16 akiongezewa mwaka, kuna baba atakayesema bora aolewe. Elimu ya bure iliyoanza mwezi wa 9 mwaka 2019 ni ya primeri, umanite inalipwa. Ndiyo maana nimesema wa hiari na wa bure, na karibu na nyumbani. Mwaka wa katikati unaolipwa na mzazi hautakuwa msaada, utakuwa ada nyingine. Na mwaka usio na walimu wala ratiba utakuwa mwaka wa kukaa tu, na nimeshasema nani anawangoja wanaokaa. Kama hauwezi kufanywa hivyo, bora usianzishwe.

La tatu: hata waliochagua vizuri hawana kazi. Hili linanihusu, siwezi kulikwepa. Sekisio haitengenezi kazi. Kazi inatengenezwa na barabara, umeme, usalama, na Serikali isiyokula fungu la mradi. Lakini kijana anayejua kutibu ng'ombe, kutengeneza moto au kujenga nyumba isiyoanguka, ana kitu cha kuanzia hata pale ambapo hakuna ofisi. Kijana mwenye karatasi tu anaanzia kwenye mlango wa mtu.

Tunaomba nini, kwa nani

1. Wizara ya Elimu ya Taifa na Uraia Mpya: tangazeni wazi, kwa kila sekta ya Fizi na kwa milima yote, sekisio zipi ziko kwenye shule gani, na zipi zina walimu wanaolipwa. Mtoto asikute pale pale. Uraia mpya uanzie kwa kumwambia raia ukweli.

2. Sous-Proved: matokeo ya ENASOSP yasibaki kuwa namba kwenye karatasi. Kila mwanafunzi aitwe na mzazi wake, aelezwe. Dakika 20 zinatosha. Mshauri mmoja anaweza kuzunguka shule tano.

3. Fungueni kilimo na veterinere milimani, na mekanike na mambo ya samaki kando ya ziwa. Minembwe ina Chuo Kikuu Eben-Ezer. Kuna watu wenye ujuzi pale pale. Anzeni na walio karibu kabla ya kungoja mradi wa wageni.

4. Jaribuni mwaka wa hiari kwenye shule chache, za jamii zote, bila ada. Mwisho wa mwaka tupime, wangapi walibaki shuleni.

5. Walimu waliosahauliwa kwenye orodha ya malipo waandikishwe. Bila wao yote haya ni maneno ya simu.

6. Wote wenye silaha, wa Serikali na wasio wa Serikali: shule si kambi, na mwanafunzi anayekwenda kwenye mtihani asilipishwe kwenye kizuizi.

Na sisi, tufanye nini?

Wandugu, tusibaki kupiga «like». Wengi wetu tulio mjini tumetoka kule, au tuna wadogo kule. Kila mmoja wetu mwenye diploma aandike ukurasa mmoja wa Kiswahili rahisi: sekisio niliyofanya, masomo yake, ugumu wake, inafungua mlango gani, inafunga gani. Ukurasa huo upite kwenye WhatsApp, na pasipo mtandao uchapishwe, ubebwe, usomwe kanisani na sokoni. Hatuhitaji ruhusa ya mtu kufanya hivyo.

Na wewe mdogo wangu unayetoka mwaka wa 8, kabla haujaandikishwa uliza maswali manne. Kwenye bulletini yangu ni masomo gani yalikuwa mazuri miaka miwili mfululizo? Ile opsio ina mwalimu wake kweli, ama ni jina tu ukutani? Wa mwaka jana walifaulu wangapi? Na nikitaka kubadilisha, ni mpaka lini, maana mara nyingi ukifika mwaka wa 2 wa umanite kubadilisha ni kurudi nyuma? Muulize prefe kwa heshima, mbele ya mzazi wako. Asipokuwa na jibu, hilo nalo ni jibu.

Kama umeikuta pedagojia peke yake, ingia, soma kwa nguvu, shika hesabu zako usiziache zilale. Na uingie ukijua kwamba ulistahili kuulizwa. Sisi huku tutaendelea kuuliza kwa jina lako, kwa barua, kwa mabango, mbele ya ofisi zao, mpaka yule wa mwaka kesho aulizwe.